Wasichana Waliokaa Ukutani

Walimu wenzangu niliowaacha shuleni wameniomba niwaandikie habari za drili, yale mazoezi ya viungo, na michezo katika shule yetu ya wasichana hapa Bagamoyo, kabla sijaanza kusahau. Nimekubali kwa sharti moja: habari za vyeo na mishahara wasizitafute humu. Cheo nilipata kimoja, nacho kilikuja na kabati lisilofungika. Nilifundisha pia kusoma na kushona miaka yote hiyo, lakini kushona hakukuwahi kuniletea swali la kunikosesha raha. Drili ndiyo iliyoniletea maswali, na mengine ninayo mpaka leo.

Wala sikuiomba. Nilipofika shuleni, miaka michache kabla ya vita kuu ya pili, nilikuwa mdogo kuliko walimu wote, na kazi isiyotakiwa na mtu humwangukia mdogo. Mwalimu mkuu, bibi wa Kiingereza mwenye miguu mirefu na haraka nyingi, alinipa filimbi, kitabu chenye picha, na vipindi viwili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, lakini picha zilijieleza zenyewe. Zilionyesha wasichana wa Ulaya wamevaa suruali fupi zilizovimba, miguu mitupu, mikono juu, nyuso zimekazwa kama za watu wanaongoja kuchomwa sindano. Nikajifungia chumbani nikazifanya zile picha moja moja mbele ya kioo, mpaka mama akabisha hodi kuuliza nimepatwa na nini.

Siku ya kwanza nilipewa darasa la nne, wasichana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne. Nikawaamuru wavue makubadhi kama wale wa kwenye kitabu, nikapuliza filimbi. Wadogo wakaja mbio. Wakubwa kumi na mmoja wakaenda taratibu mpaka kwenye ukuta wa udongo wa stoo, wakakaa, wakakunja miguu ndani ya magauni yao kama watu waliokuja matangani.

"Mbona mmekaa?" nikauliza.

"Tunaumwa, Mwalimu."

"Nyote?"

Wakatazamana. "Sote," akasema mmoja wao, "ila si ugonjwa mmoja."

Nilinunua daftari nikaanza kuandika jina la kila anayekaa na sababu aliyoitoa. Tumbo. Kichwa. Mwiba wa mguuni. Kufiwa na shangazi. Shangazi mmoja alifariki mara mbili katika mwezi mmoja. Kilichonishangaza ni kwamba wakati wa mapumziko wasichana haohao walikuwa nyuma ya jiko wakicheza rede. Asiyeujua mchezo huo, ni hivi: wawili husimama huku na huku wakirushiana mpira wa matambara, wengine huwa katikati wakikwepa, na aliye hodari hujaza kifuu mchanga huku mpira unamfuata. Nilisimama pembeni ya jiko nikawaona wakiruka, wakiinama, wakipiga kelele, jasho linawatoka. Filimbi yangu ikilia, wote wanaumwa. Kama ule ulikuwa uvivu, basi ulikuwa uvivu unaofuata ratiba ya shule.

Aliyenifungua macho ni Bi Chausiku. Huyu alikuwa mwangalizi wetu, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Kila asubuhi alipita nyumba hadi nyumba akiwakusanya wasichana wakubwa, akawaleta shuleni kwa mstari, na mchana akawarudisha hivyohivyo. Bila yeye wazazi wengi wasingemwachia binti atoke. Alikuwa pia kungwi, na nusu ya akina mama wa mji walikuwa wamefundwa naye. Jumanne moja aliniona nimesimama na filimbi yangu kinywani na wasichana wangu ukutani, akanishika mkono.

"Njoo ukae hapa, mwanangu."

Nikakaa ukutani, katikati yao.

"Unaona nini?"

"Naona barabara."

"Na barabara inaona nini?"

Uwanja wetu ulikuwa wazi upande wa njia iendayo sokoni. Wanaume wawili wenye matenga ya samaki walikuwa wamesimama kupumzika, na mmoja mwenye baiskeli alikuwa ameshuka kutazama mnyororo ambao haukuwa na kasoro yoyote. Wiki zote zile nilikuwa nimeipa barabara mgongo, nawatazama wasichana. Wao walikuwa wakiitazama barabara. Hawa ni mabinti waliokwisha vunja ungo, wanaofunikwa buibui kutoka mlangoni kwao mpaka mlangoni kwetu, nami nikiwaambia warushe miguu juu mbele ya wauza samaki.

Nilimweleza mwalimu mkuu kwamba twahitaji ua. Akasema ataandika barua. Jibu la barua hiyo nalingoja bado. Bi Chausiku hakuandika kitu. Alipita nyumbani kwa wale aliowafunda, na baada ya wiki mbili akina mama walikuwa wameleta makumba ya makuti waliyosuka wenyewe, na baba zao wasichana wameleta miti na kuchimba mashimo. Ua ukasimama, mrefu kumpita mwenye baiskeli hata akipanda juu ya tandiko. Alhamisi iliyofuata nikapuliza filimbi, na katika wale kumi na mmoja wakainuka wote ila wachache.

Bi Chausiku alinipa na dawa ya hao wachache. Tukapatana naye kwamba msichana aliye katika siku zake atafunga fundo la kitambaa cha kichwani upande wa kushoto, nami sitauliza kitu. Nawasihi ninyi mnaoanza kazi: jambo hilo msimuulize msichana mbele ya wenzake, wala msimwandikie daftarini. Fundo latosha.

Akabaki mmoja ambaye hakuwa na fundo wala sababu. Jina lake Mwanaidi binti Omari, mwenye miaka kumi na mitatu, mrefu, mzito wa hatua, mwepesi mno wa hesabu. Kwao kulikuwa shambani, pembeni ya mji, penye minazi na mpunga. Nikimuuliza, alinijibu jibu moja kila siku: "Sijisikii, Mwalimu." Nilipofikiri nyuma nikakumbuka kwamba hata nyuma ya jiko yeye hakucheza rede, alikuwa mtunza kifuu. Kwenye daftari langu, mbele ya jina lake, niliandika neno moja, "Mvivu", nikalipigia mstari chini.

Muhula wa pili tukaambiwa mkaguzi anakuja kutazama drili. Mwalimu mkuu akaniita. "Sitaki kuona mtu ukutani," alisema. Nami pia sikutaka. Nilikuwa nauonea fahari ua wangu. Mkaguzi alipokwisha keti kitini, nikamwona Mwanaidi ameshajiegemeza mahali pake. Nikamfuata, nikamvuta mkono.

"Mwalimu, nitaanguka," akasema polepole.

"Utaanguka kwa kuzunguka uwanja mara mbili?"

"Nitaanguka."

"Kimbia."

Akakimbia. Mzunguko wa kwanza aliumaliza akiwa wa mwisho, mdomo wazi. Wa pili alifika kwenye pembe ya ua, akashika kumba kwa mkono mmoja kama anayetaka kuuliza njia, halafu akaenda chini. Nilipomfikia uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na moyo wake ulikuwa ukipiga kwa nguvu hata gauni likitikisika kifuani. Mkaguzi akafunga kitabu chake. Nami sikujua la kufanya na filimbi iliyokuwa mkononi mwangu.

Bi Chausiku alitoka jikoni akapiga magoti, akamshusha kope ya chini kwa kidole gumba.

"Njoo utazame."

Mahali panapopaswa kuwa pekundu palikuwa peupe kama nyama ya dafu. Akafungua na viganja vyake. Navyo vilikuwa hivyohivyo.

"Huyu hana damu. Alikuambia kwamba ataanguka?"

"Aliniambia."

"Basi hakukudanganya."

Tulipomlegeza nguo tukakuta kitambaa kidogo kimefungwa kwenye pindo la gauni, na ndani yake vipande vya udongo. Nikainuka nikauendea ukuta wa stoo. Pale alipozoea kuegemea, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa, palikuwa na vishimo vingi vidogo, vyenye alama za kucha. Alikuwa akiula ukuta wetu. Nami nilikuwa nimepita hapo mara ngapi nikidhani ni kuku.

Kesho yake asubuhi baba yake akaja. Mzee Omari alikuwa mtu mkimya, amevaa kanzu safi na kofia, na nyuma yake walisimama wazazi wengine wawili wenye mabinti darasani kwangu. Nikajua kwamba huyu akimtoa wake, nao watawatoa wao, na shule ile itarudi kuwa ya watoto wadogo tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nilimleta mwanangu asome. Sikumleta akimbizwe kama ng'ombe wa mnada. Nimekuja kuchukua madaftari yake."

Mwalimu mkuu akaanza kumweleza habari za kanuni za shule. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikamkata maneno mkubwa wangu.

"Mzee, kosa si la shule. Ni langu. Aliniambia ataanguka, sikumsadiki. Nilidhani ni mvivu."

Nilitazamia anikaripie, na ningestahili. Badala yake akaitazama mikono yake.

"Mvivu," akasema. "Hata mimi nilidhani hivyo. Mama yake humtuma kisimani akarudi na nusu ndoo, amekaa njiani. Nimempiga, Mwalimu. Nimempiga kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja." Akaniinulia uso. "Ana nini?"

"Sijui, mzee. Naomba twende tukaulize."

"Bi Chausiku atakwenda naye?"

"Nakwenda," akajibu Bi Chausiku kutoka mlangoni, ambako alikuwa amesimama muda wote bila kualikwa.

Hospitalini tulimkuta dresa, msaidizi wa daktari, kijana mwembamba aliyezungumza kama anayesoma tangazo. Akampa Mwanaidi kikopo na kumweleza cha kutia ndani, kwa sauti iliyosikika mpaka barazani. Baadaye alitutokea amechangamka kama mtu aliyepokea barua kutoka kwao, akanialika nichungulie kwenye hadubini. Sikuwahi kuigusa kabla ya siku ile. Mwanzo niliona kope zangu mwenyewe. Kisha kikatulia kitu mviringo, chembamba, kinachoonekana ndani kama kioo, na katikati yake vitone vinne vimekumbatiana.

"Hilo ni yai la mnyoo," akasema dresa. "Hii ndiyo safura. Mnyoo wenyewe umeshika utumbo, unanyonya damu. Watu wenye kukosa damu hula udongo."

"Huingiaje?"

"Kwa nyayo. Watu hujisaidia ovyo, ardhi ina unyevu, mwingine anapita bila viatu."

Nikaitazama miguu yangu. Mimi nilikuwa na viatu. Nikayakumbuka makubadhi ya wasichana wangu, yamepangwa kando ya uwanja kila Jumanne na Alhamisi kwa amri yangu, na kichaka cha nyuma ya stoo ambako wengi wao walikwenda kwa sababu choo chetu kimoja hakikuwa na mlango. Nikamwambia dresa kwamba ningependa awapime darasa zima. Akasema ana vikopo vya kutosha. Waliokutwa na safura walikuwa wengi kuliko nilivyotaka kusikia, ijapokuwa hakuna aliyefikia hali ya Mwanaidi.

Mwanaidi alikunywa dawa asubuhi kabla ya kula, kisha chumvi ya haluli ya kuharisha, ambayo sitaki kuielezea, halafu akapewa maji ya chuma ya kuongeza damu, ya kunywa kwa wiki nyingi. Karibu muhula mzima hakuja shuleni. Kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwao na hesabu za wiki. Hakunichangamkia, nami sikumlaumu. Ijumaa ya tatu au ya nne, akiwa amekaa mkekani na slati magotini, akaniuliza bila kuinua uso.

"Mwalimu, wewe uliniona mvivu?"

"Nilikuona mvivu."

"Hata mimi nilijiona." Akafuta tarakimu moja kwa kidole. "Nilidhani kila mtu anahema hivi. Nilidhani wenzangu wanavumilia, mimi ndiye nisiyeweza kuvumilia."

Nimefundisha miaka mingi baada ya siku ile, na bado nikilikumbuka neno lake hunibidi niache ninachofanya. Yule mtoto hakuwa na njia ya kujua kwamba kuchoka kwake si kuchoka kwetu. Hakuwa na mwili mwingine wa kulinganisha.

Nilirudi shuleni nikalifuta lile neno daftarini kwa wino mwingi mpaka karatasi ikatoboka. Vyoo vikachimbwa viwili, vyenye milango. Wa kwanza kufika na jembe alikuwa Mzee Omari. Kitabu cha picha nikakiweka kabatini, na kwenye saa ya drili nikaingiza rede. Mwalimu mkuu alikuja kutazama, akauliza mchezo huo una kanuni gani. Wasichana walimweleza wote kwa pamoja. Akaondoka akisema kwamba angalau wanakimbia.

Mwanaidi alirudi muhula uliofuata. Siku aliyoingia katikati mara ya kwanza alipigwa na mpira kabla hajageuka, akatoka akicheka. Wiki chache baadaye alidumu katikati kidogo, akaja kwangu jasho linamtiririka.

"Nimechoka, Mwalimu," akasema kwa furaha. "Lakini si kuchoka kule!"

Msidhani alikuja kuwa bingwa. Alikuwa mzito wa kukwepa mpaka mwisho. Lakini alimaliza shule, na waliokuwa wakimsubiri baba yake kuona atafanyaje wakawaacha mabinti zao pia wamalize. Ameolewa Saadani, ana watoto wanne, na nasikia hakuna anayetoka uani kwake bila viatu.

Tangu hapo nilijiwekea desturi ya kutoliandika neno "mvivu" kabla sijatazama kope, nyayo na barabara. Desturi hiyo ilinifikisha kwenye mambo ambayo sikuyatarajia. Palikuwa na mtoto wa Kerege, aliyekaa kwa mjomba wake mjini, ambaye kila Alhamisi alisinzia ukutani; kumbe Alhamisi ilikuwa zamu yake ya kutwanga, na alianza kabla ya adhana ya alfajiri. Mtu huyo hakuhitaji kufundishwa na mimi kunyanyua mikono juu. Nilimwambia alale, nikamfunika kanga. Palikuwa na mwingine aliyekuwa akianza kukimbia baada ya wenzake kufika, akachekwa, akaacha. Sikio lake moja lilikuwa halisikii, na siku zote nilikuwa nikimsimamisha kwa upande huo. Nikamhamishia upande wa pili, ikaisha. Mvivu kamili, asiye na sababu yoyote, nilimpata mmoja tu katika miaka yangu yote. Naye sasa ni mwalimu shuleni hapo, na bila shaka anayasoma maneno haya.

Wakati wa vita nguo zilikuwa shida, hata matambara ya mpira tuliyahesabu kama vyombo vya nyumbani. Vita vilipokwisha tukaletewa netiboli, nguzo mbili na mipira miwili ya ngozi. Akina mama walikuwa wakija ndani ya ua kutazama, wakakaa na buibui zao, kisha wakazivua, na alasiri moja wawili wao wakaingia uwanjani na kugombana kwa dhati juu ya bao. Bi Chausiku alikuwa amekwisha kuwa mzee, lakini alisimama katikati akaamua ugomvi. Aliamua vibaya, ila hakuna aliyethubutu kumwambia. Alifariki mwaka uliofuata, na wasichana niliokuwa nimewafundisha ndio waliomwosha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Miaka hii yangu ya mwisho wasichana wana viatu. Vyoo vipo, dawa ya safura hutolewa, ua umekuwa wa matofali. Kope zao ni nyekundu. Hawatwangi alfajiri, maana mashine ya kusaga ipo. Na bado nikipuliza filimbi, wapo wanaokwenda ukutani, na mwaka hadi mwaka naona wanaongezeka. Nimewauliza walimu wenzangu. Mmoja akaniambia ni mambo ya mjini, mwingine akasema wanaogopa kuharibu nywele, wa tatu akasema watoto wa siku hizi hawana adabu, jibu nililolisikia hata mwaka nilioanza kazi. Nilitazama kope, nyayo na barabara, sikuona kitu. Nikiri kwamba nilifurahi kidogo. Nilikuwa nimedhani kazi hii haina tena la kunificha.

Wiki yangu ya mwisho nilimfuata Rukia, msichana mwenye afya, mwenye ndugu wawili wacheza mpira, ambaye sijawahi kumwona akikimbia tangu aingie shuleni. Magoti yangu hayakunjiki vizuri siku hizi, kwa hiyo nilisimama tu kando yake, mkono ukutani.

"Rukia, kwa nini huchezi?"

Akanitazama kwa muda, kama anayepima kama nauliza au nagomba.

"Mwalimu, tangu darasa la kwanza huwa naambiwa nicheze. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa."

Kisha akaanza kunieleza, mwanzo kwa kusitasita, baadaye kwa haraka, mpaka kengele ikalia na wenzake wakaingia darasani, nami nikamwomba asiache. Hakuinuka kwenda kucheza, na mimi sikumwambia ainuke. Katika madaftari yangu yote sikuwa nimeandika sababu kama yake.

Siiandiki hapa, kwa kuwa ni yake. Yuko darasa la sita, dawati la pili kutoka dirishani. Muulizeni.